Nukta Mbili Kwenye Shavu la Koko

Goma, Keshero, tarehe 14 mwezi wa nne 2024

Kwa Papa Mirindi, fundi wa foto, Kadutu, Bukavu

Papa,

Mbele tuongee foto, kuna kitu sijaambia mutu hata mumoja: sura ya koko yangu, mama ya papa, naiangalia upande wa kuume tu. Tukikula, nakaa kuume kwake. Kanisani, kuume. Miaka mitatu inaisha na hakuna mwenye amejua, ju mutu mwenye haya hawamuulizi sababu ya mahali anakaa. Wewe nakuambia ju haunijue, na ju wiki hii utaiangalia ile sura karibu kuliko sisi wote.

Sasa kazi.

Naitwa Aksanti, niko na miaka kumi na sita. Mimi ni mujukuu wa Julie M'Bagalwa, ule anasema wewe ulisafisha foto ya ndoa yake mwaka 1976, na kwamba tangu siku ile hakuna fundi mwengine anajua rangi ya ngozi. Hapa Goma mashini za foto ziko kila kona, mutaa wa Mabanga ndiyo usiseme. Koko amezikataa zote.

Tarehe 14 mwezi wa tano ataingia operesheni ya tumbo. Munganga anasema ni kitu kidogo. Koko anasema vitu vidogo njo vinamalizaka watu. Mbele ya siku ile anataka foto yake ya 30 kwa 40 ikuwe ukutani, tayari, ju kama hatarudi tusianze kutafuta. Dada yake, koko Victoire, alipokufa, walikamata foto ya carte d'électeur, ile ya kupigia kura, kubwa kama kidole gumba, wakaipanua mpaka ikakuwa miraba. Watu walipita mbele ya sanduku wakiulizana kama ni yeye kweli. Koko alirudi nyumbani, akavua viatu, akasema: « Mimi musinizike na miraba. »

Fichier ya foto iko kwenye clé USB nyekundu, ndani ya bahasha hii. Kwa WhatsApp singetuma: inakamua foto kama chungwa, mutu anapokea maganda. Niliipiga na telefone ya papa yangu, ni pikseli 3024 kwa 4032. Kwa 30 kwa 40 inatoa kama pikseli 256 kwa kila inchi. Natumaini inatosha. Niliongeza mwanga kidogo, na niliisafisha, sawa vile koko aliomba.

Barua hii nilikuwa nimeiandika kwa Kifaransa, ju koko anasoma Kiswahili tu. Mama Charline, mwenye anabeba mizigo kwa bateau ya kuvuka ziwa na atakuletea bahasha, alicheka sana: « Mirindi? Ule muzee Kifaransa yake ni bonjour na négatif, basi! » Kwa hiyo nimeanza upya kwa Kiswahili, na kila mara kandambili za koko zikilia kwenye koridori nafunika karatasi na cahier yangu ya shule, ya biologie.

Zinalia sasa.

Aksanti


Bukavu, Kadutu, tarehe 17 mwezi wa nne 2024

Mutoto wangu Aksanti,

Clé imefika. Imesafiri ndani ya kapu moja na sambaza za Mama Charline, sasa labo yote inanuka samaki. Ungemwambia kwamba Kifaransa yangu iko pia na « ne bougez plus », ile ya kuambia watu wasitikisike.

Pikseli 256 zinatosha. Hata 200 ningekubali, ju foto ya ukutani mutu haiangalie na pua. Tena hukuongeza makali, asante. Vijana wananiletea sura zimechongwa na wembe.

Makosa madogo mawili. Kitambaa cha kichwa kinagusa mupaka wa juu. Cadre, ile fremu, inakula nusu santimetre kila upande, koko yako atakuwa kama mutu amenyolewa kitambaa. Uache nafasi. La pili: ordinateur, hiyo kompyuta, ni dirisha, karatasi ni ukuta. Kwenye dirisha mwanga unatoka nyuma, kila kitu kinapendeza. Kwenye ukuta hakuna mwanga nyuma. Ile unaona vizuri kwako, kwangu inatoka giza, na kwa ngozi yetu giza linaanza kula chini ya macho na chini ya kidevu. Punguza mwanga wa écran ya ordinateur mpaka nusu, kiisha njo uamue kama foto inatosha.

Kosa la tatu si dogo.

Mbele ya kupoteza karatasi kubwa, huwa natoa kipande cha kujaribu, vidole vinne vya upana. Nilichagua shavu la kushoto. Nikakamata loupe, kioo changu cha kukuzia. Julie iko na nukta nyeusi chini ya jicho la kushoto. Naijua; mwaka 1976 niliingoja ikitokea ndani ya dawa, nikafikiri ni uchafu, nikataka kuipangusa. Kwenye fichier yako kuna nukta mbili. Zinafanana kama mapacha, mpaka kinywele kile kile kimoja. Ya pili iko chini, karibu na taya.

Nukta hazizaagi, mutoto wangu. Ulikamata ngozi ya juu, ukaibandika chini, ukafunika kitu.

Sikuulizi kwa ukali. Lakini sitoi sura bila kujua nini iko chini yake. Kulikuwa nini pale? Na fichier ya kwanza, yenye haijaguswa, unayo? Nitumie hiyo.

Mirindi


Goma, Keshero, tarehe 21 mwezi wa nne 2024

Papa Mirindi,

Chini ya nukta ya pili kuna kovu. Linaanzia karibu na sikio, linafika pembe ya mudomo. Santimetre saba. Nililipima kwenye écran, si kwenye sura.

Fichier ya kwanza sina. Nilibonyeza « enregistrer » pahali pa « enregistrer sous », mpya ikalala juu ya ya zamani. Kwenye telefone nilikuwa nimeshaifuta, ju ilijaa. Yenye imebaki ni moja nilimutumia shangazi Dorine, Butembo, kwa WhatsApp: pikseli 1200 kwa 1600. Ile iko na kovu, lakini ni miraba inangoja siku yake.

Koko alisema: « Aksanti, unisafishie hiyo foto. » Na siku ya kupigwa, aligeuza kichwa mwenyewe, akanipatia shavu la kushoto lote. Nilifikiri amejua. Nilifikiri ananiomba nitoe kitu nilimufanya.

Ju ni mimi.

Tarehe 27 mwezi wa tano 2021, siku tano kisha Nyiragongo kulipuka, walitangaza asubuhi kwamba tutoke katika muji. Barabara ya Sake ilijaa watu na magodoro. Papa alipata nafasi kwenye fuso ya dereva mumoja, Benny. Nilikuwa na miaka kumi na tatu, na kazi yangu ilikuwa moja tu: nikishapanda, nishike mukono wa koko naye apande. Niliushika. Kiisha nikaangalia nyuma. Moshi ulikuwa umesimama juu ya muji, mweupe chini, juu rangi ya kutu. Nilikuwa na telefone ya papa kwenye mukono ule mwengine, lakini mukono mumoja unatikisika. Foto nzuri inaomba mikono miwili.

Nilipiga foto. Koko alianguka na shavu kwenye chuma cha mulango wa nyuma.

Nilisema gari lilisogea. Benny aliapa kwamba moteur ilikuwa imezimwa. Papa alimutukana mbele ya watu wote, na maneno ya kabila lake, siwezi kuyaandika. Mpaka leo, Benny akipita hapa Keshero na fuso yake, papa anageuza uso, na Benny anapunguza muziki mpaka apite nyumba yetu.

Foto ya moshi bado iko. Si mbaya. Imetikisika kidogo upande wa kuume.

Nifanye nini na fichier? Naomba unijibu juu ya fichier tu.

Aksanti


Bukavu, Kadutu, tarehe 24 mwezi wa nne 2024

Mutoto wangu Aksanti,

Nitakujibu juu ya fichier.

Kwanza neno. Wakati wetu foto zilikuwa zinasafishwa. Unaingiza karatasi nyeupe ndani ya dawa, unaitikisa polepole, na sura inakuja: macho kwanza, kisha nywele, kisha mengine. Kiisha maji, maji mengi, ju dawa ikibaki, kisha miaka kumi sura inageuka manjano. Njo maana mpaka leo wazee wanasema kusafisha, hata kama labo haina tena bomba. Hakuna kitu kilikuwa kinatoka kwenye uso wa mutu. Vilikuwa vinakuja. Julie alikuomba foto itoke kwenye karatasi. Basi, hiyo tu.

Na shavu la kushoto alikupatia ju ni mimi nilimufundisha kukaa vile, mwaka 1976, kwa sababu ya nukta. Niliona inamupendeza. Inaonekana hakusahau.

Sasa fichier. Ile ya shangazi siwezi. Naweza kuambia mashini iipanue, lakini pikseli zenye hazimo mashini itazibuni: itabuni ngozi, itabuni mpaka kovu. Utatundika koko ya watu wengine. Ile ya nukta mbili sitaitoa, hata kama Julie mwenyewe angekuja na fimbo. Inabaki njia moja. Umupige tena. Clé nakurudishia ndani ya bahasha hii.

Umukalishe saa nane ya mchana, dirisha likuwe upande wake wa kushoto, pazia jepesi mbele ya dirisha, usiwashe flash. Nyuma yake ukuta mutupu. Wewe simama mbali, hatua tatu, usisogeze foto na vidole, sogea na miguu. Uache vidole viwili juu ya kitambaa. Piga nyingi, uzihifadhi mahali pawili mbele ya kugusa hata moja. Na ufute kioo cha telefone na kitambaa kikavu. Usafi wenye nakuruhusu ni huo peke yake.

Atakuuliza ya kwanza ilienda wapi. Jibu la hiyo halitengenezwe kwenye labo.

Mirindi


Goma, Keshero, tarehe 28 mwezi wa nne 2024

Kwa Mirindi wa foto,

Yesu asifiwe. Ungali muzima? Mama Charline anasema ndiyo, tena eti umenenepa. Mimi nilikonda. Basi kilo hazikupotea, ziko kwako.

Nakuandikia bila mutoto kujua. Wiki mbili zimepita, foto haionekane. Nikimuuliza Aksanti, ananijibu « pikseli ». Nikimuuliza tena, anaenda kuosha sahani zenye ziko safi. Ni mutoto wa haya tangu kuzaliwa, lakini haya hii ni ingine. Kama ni wewe unachelewa, ujue munganga hangojee mutu.

Kitu kingine. Kwenye foto utaona kovu, wewe haukulijua. Usiliguse. Nawajua nyinyi mafundi, munapenda kumufanya kila mwanamuke bibi-arusi. Sababu nitakuambia, ju foto yako iko ndani ya mambo haya.

Siku tulikimbia volkano nilikuwa nimebeba ile foto ya ndoa, na cadre yake, chini ya kwapa, imefungwa na kitenge. Aksanti alinishika mukono anipandishe kwenye fuso. Alinishika vizuri, mutoto yule. Cadre ikaanza kuteleza. Nikatoa mukono wangu ndani ya mukono wake, nikamate cadre. Njo nikaanguka. Cadre haikupasuka hata kioo.

Kusitiri aibu yangu, mutoto akasema gari lilisogea. Miaka kumi na tatu, akadanganya watu wazima ili wasinicheke, muzee mwenye anaachia watu na kushika picha. Na mimi nikanyamaza. Papa yake akamutukana dereva wa watu, nikanyamaza. Mudomo ulikuwa umejaa damu, ndiyo. Lakini damu iliisha siku ile ile, na mimi ningali nanyamaza.

Tangu pale mutoto hakae tena upande wangu wa kushoto. Anafikiri sioni. Hataki kuona kovu lenye lilimufundisha kudanganya. Simulaumu.

Basi kovu libaki. Siku watakuja kuniaga, na Benny naye akija, alikute pale ukutani, lisifichwe na mutu. Tena uharakishe. Na haya mambo usimuambie mutu.

Julie M'Bagalwa


Bukavu, Kadutu, tarehe 1 mwezi wa tano 2024

Mutoto wangu Aksanti,

Bateau mbili zimefika bila clé. Nimeuliza Mama Charline, amesema: « Yule mutoto? Ananisalimia, anaangalia viatu vyangu, anaenda. »

Hesabu ni hii. Wino unaomba siku moja kukauka mbele ya kuwekwa chini ya kioo, kama sivyo karatasi inashikana na kioo na hakuna mutu ataitoa. Cadre, siku moja. Bateau, siku moja, kama ziwa halikukasirika. Clé inipate mbele ya tarehe nane.

Miaka karibu makumi tano nimeshika sura za watu kwenye giza, na pamoja na sura wananiachia mambo yao. Siyachanganye. Ya mumoja siyapelekei mwengine, hata nikiona kwamba yangepaswa kukutana. Kwa hiyo sina kitu cha kukuambia. Nakuomba kitu kimoja tu, kama fundi: barua itakuja na clé, uiandike kwenye meza ya kukulia, mchana.

Mirindi


Goma, Keshero, tarehe 5 mwezi wa tano 2024

Papa Mirindi,

Clé iko ndani. Fichier moja tu, jina lake « koko-1 ». Pikseli 3024 kwa 4032. Sijagusa kitu: hakuna mwanga niliongeza, hakuna brosse ya kufutia. Kopi mbili ziko hapa, moja kwenye ordinateur, moja kwa shangazi Dorine, na safari hii sikumutumia maganda.

Tulifanya leo kisha misa, saa nane. Nilimuomba akae karibu na dirisha. Aliuliza:

« Tena? Ya kwanza ilikuwa na nini? »

« Iliharibika, koko. »

« Iliharibika yenyewe? »

Nilikuwa nafuta kioo cha telefone. Nilikifuta muda murefu.

« Hapana, koko. »

Koko alifunga kitambaa upya, akageuza shavu la kushoto, akaweka mikono juu ya magoti. Papa alipita, akasema: « Eh, mama, unapigwa kama ministre! » Koko akamujibu: « Ministre wanamupigaka bure. Mimi nimengoja fundi wiki tatu. Pita, unaniziba mwanga. »

Nilisimama hatua tatu. Nilimuambia asicheke. Akasema: « Mirindi naye aliniambia vile. Angalia sura nilibaki nayo ukutani, kama mutu wa madeni. » Kiisha akacheka. Niliipiga pale pale. Ni hiyo iko kwenye clé. Kama inaomba sura ya kutulia, ziko zingine kumi na saba, lakini nafikiri ni hiyo.

Ilinipasa kuangalia upande wa kushoto ili nijue kama nukta imetoka vizuri. Niliangalia kwenye écran. Kiisha niliangalia pembeni ya telefone. Kovu si santimetre saba. Ni kama tano. Siku ile nilikuwa nimekuza foto na nikasahau kurudisha.

Kuna kitu sikukiona kwenye fichier ya kwanza: anapocheka, kovu linajikunja pamoja na mashavu, linakuwa kama mukunjo mumoja kati ya mikunjo. Ningelifuta, kicheko kingekosa upande.

Nimeikalia meza ya kukulia, vile uliomba. Ni mchana. Ya mwezi uliopita niliandika kwa kujificha, hii naandika tena jambo lile lile ili likuwe kwenye karatasi ya wazi, kwa Kiswahili: tarehe 27 mwezi wa tano 2021, gari halikusogea. Benny hakukosa kitu. Ni mimi niliachia mukono wa koko, nipige foto.

Kandambili zinakuja kwenye koridori. Ya kuume inaburuta, ya kushoto inapiga. Cahier ya biologie iko hapa, karibu na kiko cha mukono wangu, naweza kuivuta bila hata kusimama. Nimeisukuma mbali. Ameshafika karibu na kabati. Karatasi iko wazi, na kalamu sijaiwacha, naandika ili mikono isitafute kazi ingine. Amesimama kwenye mula


Mirindi,

Nimesoma yote, hata pale alikata. Ameandika kosa moja, nitamusahihisha mwenyewe, hapa kwenye meza. Kesho asubuhi tutaenda kwa Benny, sisi wawili na papa yake.

Foto usafishe hivi hivi.

Julie M'B.